Steringi ni Mmarekani, mwili ni wa Lindi

Leo naomba tuanzie mbali, Kilwa Masoko, kwenye banda la video.

Kwa wale waliokulia kwenye nyumba zenye sebule mbili, banda la video ni chumba kimoja chenye mabenchi, luninga moja juu ya meza, na jamaa mmoja mlangoni anayekusanya shilingi mia mia. Dar es Salaam wanayaita vibanda umiza, na ukitoka humo mgongo unaumwa kweli. Sisi watoto tulikuwa na imani moja tu mle ndani: steringi hafi. Atapigwa, atafungwa kamba, atatupwa mtoni, lakini mwisho wa picha atasimama. Na kila anachofanya anakifanya mwenyewe.

Aliyenivunjia imani hiyo ni mjomba. Siku moja steringi aliruka kutoka ghorofa moja hadi jingine, banda zima likapiga makofi. Mjomba akaniinamia sikioni: "Huyo siyo yeye. Wakifika penye kuvunja shingo wanamleta mtu mwingine, wanampiga picha kwa nyuma."

Nikamwuliza, "Sasa huyo mwingine anaitwa nani?"

Mjomba akacheka. "Nani ana habari naye?"

Swali hilo nimekaa nalo mpaka leo, nikiwa na shahada ukutani na kitambulisho cha uandishi mfukoni. Na nikwambie ukweli, ndugu msomaji, nililikuta tena mahali ambapo sikulitegemea kabisa: mkoani kwetu Lindi, juu ya kilima, kwenye mifupa. Lakini tusikimbilie huko. Kwanza tumalizane na filamu.

Watu wa kuazimisha miili

Kwenye filamu za wenzetu kuna watu ambao kazi yao ni kuazimisha mwili. Siyo wale wa kuruka maghorofa tu. Kuna anayeazimisha mgongo, kuna wa miguu, kuna wa mikono. Wewe mtazamaji unauona uso wa mtu maarufu, kamera inakatwa, halafu unaona mwili wa mtu mwingine. Ubongo wako unaviunganisha. Ukitoka pale unasema, "Yule dada anacheza jamani!"

Mfano ni filamu ya Flashdance ya mwaka 1983. Kama wazazi wako walikuwa vijana miaka ya 80, waulize, wataikumbuka. Aliyecheza kama mhusika mkuu ni Jennifer Beals. Lakini sehemu kubwa ya ule mchezo wa dansi, ambao ndio ulioifanya filamu ile iitwe ilivyoitwa, ilichezwa na mwanamke mwingine, Marine Jahan. Kwenye orodha ya majina mwisho wa filamu, jina lake halikuwemo. Dunia nzima iliicheza miguu yake bila kumjua.

Mwaka 1990 ikaja Pretty Woman. Lile bango lake, ambalo wengi wetu tumeliona hata kama hatujaiona filamu yenyewe, lina kichwa cha Julia Roberts. Mwili ni wa Shelley Michelle. Bango moja, watu wawili, jina moja.

Lakini kisa kinachoniumiza zaidi ni cha Psycho, filamu ya Alfred Hitchcock ya mwaka 1960. Kuna tukio la mauaji bafuni ambalo wanafunzi wa filamu wanalisoma mpaka leo. Muigizaji ni Janet Leigh, lakini mwili unaouona katika baadhi ya picha zile ni wa Marli Renfro. Sasa sikia yaliyofuata. Katika utengenezaji wa filamu hiyohiyo kulikuwa na mwanamke mwingine, ambaye kazi yake ilikuwa kusimama mahali pa Leigh wakati mafundi wanapanga taa. Mwanamke yule aliuawa mwaka 1988. Habari ilipokuja kuandikwa, ikaandikwa kwamba aliyeuawa ndiye yule mwenye mwili wa bafuni. Marli Renfro alikuwa hai, anaishi maisha yake, huku magazeti yameshamzika.

Hebu fikiria hapo. Wanawake wawili, kazi mbili tofauti, na kwa kuwa majina yao hayakuwa kwenye orodha, waandishi wa habari wakawachanganya hata kwenye kifo. Hii ndiyo gharama ya kutotajwa. Watu hudhani ni suala la sifa tu, kwamba mtu anataka jina lake liimbwe. Siyo hivyo. Asiyetajwa hana mahali pa kusimama na kusema "ni mimi", na hata akifa anaweza kufa kwa niaba ya mtu mwingine.

Haya, sasa twende Lindi.

Muigizaji mkubwa kutoka Tendaguru

Wengi wenu mmeiona Jurassic Park, ile ya Steven Spielberg ya mwaka 1993. Mnakumbuka dinosaria wa kwanza anayeonekana mzima mzima? Yule mtaalamu anasimama ndani ya gari, anavua miwani, mdomo wazi. Mbele yake kuna mnyama mwenye shingo ndefu kama mnazi, miguu ya mbele mirefu kuliko ya nyuma, mgongo umeinuka kama wa twiga. Anaitwa Brachiosaurus.

Jina hilo ni la Mmarekani. Mifupa ya kwanza ya Brachiosaurus ilichimbwa Colorado mwaka 1900, na mtaalamu Elmer Riggs akampa jina mwaka 1903. Sawa kabisa. Tatizo ni kwamba yule wa Colorado hakuwa kamili. Hakuwa na kichwa, hakuwa na shingo. Kwa hiyo kama wangemwigiza kwa kilichopatikana Colorado tu, Spielberg angekuwa na mbavu, sehemu ya mgongo, nyonga na mifupa miwili mitatu ya miguu. Nani angevua miwani?

Mwili tunaoujua, ile shingo, kile kichwa chenye nundu ya pua, lile umbo la twiga ambalo kwa miongo mingi limechorwa kwenye vitabu na kutengenezwa midoli, kwa sehemu kubwa lilitoka Tendaguru, kilomita kama 60 kaskazini-magharibi mwa mji wa Lindi. Mijerumani ilimchimba huko kati ya 1909 na 1913, ikampeleka Berlin, na mwaka 1914 Werner Janensch akamwita Brachiosaurus brancai, akiamini ni ndugu wa karibu wa yule wa Colorado. Kwa kuwa wetu ndiye aliyekuwa na mwili karibu kamili, wachoraji wa dunia nzima wakamtumia yeye wakitaka kumchora yule.

Baadaye wataalamu wakaanza kushtuka. Mwaka 1988 Gregory Paul alipendekeza wa kwetu apewe jina lake, Giraffatitan, yaani jitu la twiga. Mwaka 2009 Michael Taylor akawalinganisha mfupa kwa mfupa na kuonyesha kwamba hawa wawili wanatofautiana vya kutosha kuwa wanyama wa jenasi mbili. Lakini wakati huo filamu ilishatoka miaka 16 nyuma. Jina la Colorado lilishapata umaarufu kwa mwili wa Lindi.

Kama unadhani nazidisha, angalia na hili. Jumba la makumbusho la Field, Chicago, ndilo lenye ile mifupa ya Riggs. Mwaka 1993, mwaka uleule wa filamu, walisimamisha umbo zima la Brachiosaurus wao. Sehemu zilizopungua walizijaza kwa kufuata mifupa ya Tendaguru. Mwaka 1999 umbo hilo likahamishiwa uwanja wa ndege wa O'Hare, likawa linapitiwa na wasafiri na mabegi yao. Kwa hiyo jamani, wa kwetu alishasimama uwanja wa ndege wa Chicago miaka mingi kabla sijapata pasipoti, na aliingia bila viza, kwa jina la mtu mwingine!

Cheka, mimi mwenyewe nilicheka. Huyu ndiye muigizaji wa kuazimisha mwili mkubwa kuliko wote waliowahi kutokea. Kule Berlin, mifupa yake ilisimamishwa mara ya kwanza mwaka 1937, ikapangwa upya mwaka 2007, na ina urefu wa mita 13.27 kwenda juu, rekodi ya dunia. Na cha kuchekesha zaidi, hata yeye mwenyewe ana mbadala mwilini: sehemu kubwa ni ya mnyama mmoja, lakini palipopungua walijaza kwa mifupa ya wenzake na kwa viungo vya kutengeneza. Wenzake hao nao hawana majina.

Lakini mnyama aliyekufa miaka milioni 150 iliyopita haumii kwa kukosa jina. Kicheko changu kiliishia hapo.

Waliombeba

Vitabu vinasema mifupa ya Tendaguru "iligunduliwa" mwaka 1906 na Bernhard Sattler, mhandisi wa migodi wa kampuni iliyokuwa Lindi. Mifupa yenyewe ilikuwa imechomoza juu ya ardhi, kubwa kuliko mtu. Kwamba wenyeji waliokuwa wakipita pale tangu enzi walikuwa hawajaiona, hiyo hadithi waambie watoto wadogo.

Sasa angalia hiyo tarehe. 1906. Vita vya Majimaji vilianza Julai 1905 kwenye vilima vya Umatumbi, huku kwetu Kilwa. Vikaendelea mpaka 1907, na baada ya bunduki ikaja njaa, kwa sababu Wajerumani walichoma mashamba na maghala. Wanahistoria wanataja vifo kuanzia 75,000 hadi 300,000. Mwaka 1909, miaka miwili tu baadaye, wataalamu kutoka Berlin wanafika Lindi kutafuta vibarua wa kuchimba mifupa. Watu waliowapata ni walewale walionusurika. Hawa ndio waliochimba. Wengine wao bila shaka walikuwa wamezika ndugu zao karibuni kwenye udongo huohuo.

Idadi yao ilianza na watu chini ya 200, ikapanda hadi kama 500 msimu wenye kazi nyingi. Walifyeka pori, wakachimba mashimo, wakatoa mfupa taratibu kwenye mawe usivunjike. Kufunga mizigo walitumia mianzi iliyopasuliwa na udongo, ufundi wa hapahapa. Halafu wakabeba. Ng'ombe na punda hawakufaa kwa sababu ya mbung'o, kwa hiyo gari lilikuwa bega la mtu. Mwendo wa siku kadhaa hadi Lindi mjini, kushusha bandarini, kurudi kuchukua mwingine. Jumla ya shehena iliyofika Ujerumani ni zaidi ya tani 200. Kila kilo ilipita kwenye bega au kichwa cha mtu wa Kusini.

Twende sasa kwenye orodha ya majina, kama ile ya mwisho wa filamu. Kule kwenye sayansi, kumpa mnyama jina la mtu ndiyo heshima kubwa. Nani walipewa?

Brancai ni Wilhelm von Branca, mkuu wa makumbusho Berlin. Sattleri ni yule mhandisi. Hansemanni ni David von Hansemann, daktari wa Berlin aliyesaidia kuchangisha fedha. Bambergi ni Paul Bamberg, mwenye viwanda aliyechangia. Na kuna mmoja, dinosaria mdogo wa Tendaguru, anaitwa Dysalotosaurus lettowvorbecki. Ndiyo, ni yeye, Jenerali Paul von Lettow-Vorbeck, kamanda wa Wajerumani kwenye Vita Kuu ya Kwanza, aliyepigana Mahiwa, mkoa huohuo wa Lindi, Oktoba 1917. Alipewa jina hilo vita vilipokwisha. Hakuchimba hata jiwe. Vita alivyoviongoza vilikula wapagazi kwa maelfu, mabega yaleyale.

Tajiri yumo, mkuu yumo, jenerali yumo. Aliyebeba hayumo.

Jina lililosubiri miaka 98

Msinielewe vibaya. Siyo kwamba Wajerumani hawakuandika jina la Mwafrika hata mmoja. Kulikuwa na mtu anaitwa Boheti bin Amrani. Alikuwa msimamizi mkuu wa vibarua na fundi mkuu wa kuandaa mifupa, kazi ambayo leo mtu anasomea chuo. Wenyewe walimwandika kwenye kumbukumbu zao. Na kwa sababu jina lake liliandikwa, mwaka 2007 mtaalamu Kristian Remes alipokuwa anampa jina dinosaria mwingine wa Tendaguru, akamwita Australodocus bohetii.

Kutoka 1909 hadi 2007 ni miaka 98.

Mwaka 2019 wakafuata wengine. Dinosaria mmoja, ambaye mifupa ya mkia wake ilikuwa imekaa Berlin miaka yote hiyo, akaitwa Wamweracaudia keranjei. Sehemu ya kwanza ni Wamwera, wenyeji wa eneo lile. Sehemu ya pili ni Mohammadi Keranje, aliyeongoza uchimbaji wa mifupa hiyo. Niliposoma habari ile nilikuwa kwenye daladala, nikakaribia kupitiliza kituo. Mmwera, kwenye jina la kisayansi! Rafiki yangu mmoja wa kutoka Nachingwea nilimtumia, akajibu neno moja tu: "Hatimaye."

Hapa ndipo nilipopata ninachotaka kukisema leo, na kama utasahau mengine yote naomba ubaki na hili. Jina likiandikwa hata mara moja, kwenye daftari lolote, linaweza kusubiri miaka 98 na bado likafufuka. Lisipoandikwa hakuna cha kusubiri. Boheti na Keranje wamepona kwa sababu kuna mtu aliyekuwa na kalamu akaitumia. Mamia ya wengine waliokuwa nao shimoni hawakupata bahati hiyo, na hakuna mtaalamu atakayewatoa kwenye mawe.

Kwa hiyo swali la mjomba, "nani ana habari naye?", jibu lake ni mtu mwenye kalamu. Hapo ndipo nilipoanza kujisikia vibaya, kwa sababu mwenye kalamu ni mimi.

Na Mwandishi Wetu

Sasa naungama. Miaka michache iliyopita niliandika makala ndefu kuhusu wachimbaji wa Tendaguru, hawahawa ninaowaeleza. Gazeti silitaji, kwa sababu kosa lenyewe lilikuwa langu. Nilisafiri kutoka Dar, nikalala Lindi usiku mmoja, nikapanda bodaboda kuelekea upande wa Mipingo. Nilikuwa na kaka mmoja wa Lindi, mwandishi wa kujitegemea, wale wanaolipwa kwa habari, isipotoka hawalipwi. Yeye ndiye aliyenitafutia wazee. Yeye ndiye aliyetafsiri wazee walipoingia Kimwera kikavu. Kamera yangu ilipoishiwa chaji, picha alipiga yeye. Nilipotaka kurudi Dar na maswali matatu hayajajibiwa, yeye ndiye aliyerudi kijijini wiki iliyofuata, kwa nauli yake, akanitumia majibu.

Makala ikatoka ukurasa mzima. Juu, jina langu kwa herufi nene. Chini ya picha: "Picha na Mwandishi Wetu".

Wasomaji wa magazeti ya Kiswahili mnamjua sana huyu Mwandishi Wetu. Yuko kila mkoa, hachoki, haugui, anaandika siasa, michezo na ajali. Mnadhani ni nani? Mara nyingine ni mtu anayejificha kwa usalama wake, hiyo naielewa. Lakini mara nyingi ni kaka fulani wa Lindi au dada fulani wa Kigoma ambaye ameazimisha macho na miguu yake, na sisi wa mjini tukaweka kichwa.

Kaka yule alinipigia simu siku ileile. "Hongera mdogo wangu, umeitoa vizuri. Nimenunua nakala mbili." Sauti yake haikuwa na lawama hata kidogo, na hilo ndilo lililonimaliza. Nikamshukuru. Nikakata simu. Nikaisoma makala yangu upya, makala kuhusu watu waliofanya kazi bila kutajwa, na jina lake halikuwemo popote.

Ningeweza kusema ni utaratibu wa chumba cha habari, kwamba nafasi ilikuwa ndogo. Lakini sikuomba. Jina lake ni maneno mawili. Kwenye makala yenye maneno zaidi ya elfu, sikupata nafasi ya maneno mawili.

Hoja za upande wa pili

Nimeyazungumza haya na marafiki, na nimepata upinzani wa haki, tuupitie.

Kwanza: "Si walilipwa?" Ndiyo, vibarua wa Tendaguru walilipwa. Na Marine Jahan alilipwa. Na kaka yangu wa Lindi alilipwa, ingawa kiasi chenyewe tusikitaje. Mshahara ni wa kazi ya jana, ukishakula umeisha. Jina ndilo linalokupatia kazi ya kesho, ndilo watoto wako wanaloliona, ndilo linalokulinda usizikwe ukiwa hai kama Marli Renfro. Mtu anaweza kulipwa na bado akaibiwa.

Pili: "Bila wale wataalamu, mifupa ingekuwa mawe tu." Kweli tupu, na sitaki kumpunja mtu. Janensch aliisoma mifupa ile kwa nusu karne, machapisho yake ya mwisho ni ya miaka ya 60 mwanzoni. Ile ni kazi. Lakini orodha ya mwisho wa filamu siyo kiti cha mtu mmoja. Ukiweka jina la mpika chai, jina la muongozaji halifutiki. Wao wenyewe wazungu wanaorodhesha mpaka dereva. Kwa nini orodha ikifika Lindi inaishiwa wino?

Tatu, na hii ndiyo kubwa: "Acha hadithi za majina, warudishe mjusi wetu!" Wabunge wa Kusini wamelisema hili bungeni zaidi ya mara moja. Mwaka 2018, waziri wetu wa mambo ya nje wa wakati huo, Augustine Mahiga, sasa marehemu, alisema serikali haitadai arudishwe, bali itataka ushirikiano, utaalamu na msaada wa kuendeleza eneo. Novemba 2023 Rais Steinmeier wa Ujerumani alifika Songea akaomba radhi kwa yaliyofanyika kwenye Majimaji. Kwa hiyo mazungumzo yapo, na yatachukua muda. Mimi binafsi naona kama hawezi kurudi, basi faida irudi, na iishie Lindi, siyo Dar. Lakini mjusi ni mali, inahitaji mikataba, wanasheria, jengo la kumweka na umeme usiokatika. Jina halihitaji hata kimoja. Ujerumani haituzuii kuandika "Boheti bin Amrani" kwenye kitabu chetu cha historia. Hapo tunajizuia wenyewe.

Mimi nimesoma kuanzia darasa la kwanza hadi chuo kikuu ndani ya nchi hii, nikiwa mtoto wa Kilwa. Karl Peters nilifundishwa. Lettow-Vorbeck nilifundishwa na nikaulizwa kwenye mtihani. Boheti nilikuja kumsoma nikiwa na miaka zaidi ya 20, kwenye intaneti, nikitafuta kitu kingine.

Ninachoomba

Siombi makubwa. Naomba wanaoandaa vitabu vya shule waweke aya moja, Boheti na Keranje, waliofanya nini na lini. Naomba halmashauri za Lindi, siku mtakapoweka kibao kizuri cha Tendaguru kwa ajili ya watalii, majina hayo mawili yatangulie lile la jenerali. Naomba ndugu zangu wa Bongo Movie, mnapomaliza filamu, mwandike mpaka yule kijana aliyeanguka na pikipiki badala ya steringi, na muandike jina lake la kweli, siyo "Chali wa Mbagala". Miaka ikipita mtoto wake atasimamisha picha pale na kusema, "Mzee wangu huyu."

Na naomba sisi wenye kalamu tuanze nyumbani. Nilimrudia yule kaka. Nilimwomba radhi, akashangaa, akasema "Mdogo wangu, mbona sisi tumezoea." Nikamwambia hilo ndilo tatizo. Makala yetu iliyofuata, ya bei ya ufuta, ilitoka na majina mawili juu. Nilibishana kidogo na mhariri, nikashinda. Safari hii kaka alinunua nakala tano, na moja, aliniambia, ameibandika ukutani dukani kwa mkewe.

Siku hizi filamu ikiisha sinyanyuki. Marafiki wanakimbilia mlangoni, mimi nimekaa nasoma majina yanayopanda kwenye skrini, ya mafundi taa, washonaji, madereva, wenye kuazimisha miili. Wananiita mshamba. Nasubiri mpaka jina la mwisho lipande.

Mjomba, kama unasoma: mimi ndiye mwenye habari naye.

Naomba kuwasilisha.